Nani Alikata Nyaya za Gari la Maziwa?

Mimi naitwa Tusekile. Hapa Makandana wengi wananiita Mama Lilian. Nina mdomo, sikatai. Mume wangu Jotham husema mimi huongea kwanza, halafu hufikiri njiani. Nami humjibu kwamba nisipoongea mimi, nyumba hii itaibiwa mpaka bawaba za mlango.

Tunaishi pembeni mwa mji wa Tukuyu. Tuna migomba, ng'ombe watatu wa maziwa, na gari moja. Ni pikapu ya zamani inayotumia dizeli. Gari hilo ndilo linalotulisha. Kila alfajiri linashuka kijiji cha Masoko kuchukua maziwa ya wafugaji. Kisha linapanda nayo hadi kituo cha maziwa hapa mjini. Pale kituoni maziwa yanapimwa na kupozwa. Yakichelewa njiani, yanachacha. Yakichacha, hayapokelewi, na mfugaji anarudi nyumbani mikono mitupu.

Dereva wetu alikuwa Bushiri, mtu wa Msasani, mtaa wa hapa hapa Tukuyu. Alituendeshea gari miaka sita. Ni mtu mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Hakunywa pombe, hakuchelewa kazini, wala hakumjibu mtu vibaya. Mke wake, Mwanaamina, alikaanga vitumbua mbele ya nyumba yao, na watu wa kituoni ndio waliokuwa wateja wake wakubwa.

Na mimi gari nililitunza kwa mikono yangu. Mwezi wa sita na wa saba Tukuyu kuna baridi ya kukata masikio. Gari la dizeli likilala kwenye baridi, asubuhi linasumbua kuwaka. Kwa hiyo kila jioni, injini ikishapoa, nilifungua boneti. Nilitandaza majani makavu ya migomba juu ya injini, yale yale niliyovundikia ndizi. Juu yake niliweka gunia. Alfajiri Bushiri aliyatoa kabla ya kuwasha. Mama mkwe wangu alifunika vifaranga vyake hivyo hivyo, na hakikufa hata kimoja. Nikaona injini nayo itapenda joto.

Mwezi wa saba gari likaanza vituko.

Siku ya kwanza lilizima kwenye mlima wa kutoka Masoko. Bushiri alisema lilizima ghafla, akakaa nalo kidogo, kisha likawaka tena. Wiki ile ile likazima tena, karibu na pale pale. Wiki iliyofuata likazima mara tatu.

"Tatizo ni nini?" nilimuuliza.

"Nadhani ni nyaya za injini, mama," alisema Bushiri. "Tulipeleke kwa fundi wa umeme wa magari. Yupo Abubakary pale Msasani."

"Abubakary unayeswali naye?"

"Huyo huyo, mama. Ni fundi mzuri."

Nilimwangalia juu mpaka chini. Nikajisemea moyoni, hawa wameshapanga. Dereva analeta gari, fundi anataja ugonjwa, jioni wanakutana nyuma ya gereji na kugawana.

"Gari langu halina ugonjwa," nilimwambia. "Endesha."

Siku iliyofuata nilipanda mwenyewe. Tulikwenda Masoko na kurudi, gari halikuzima. Kesho yake nikapanda tena, halikuzima. Siku ya tatu nikabaki nyumbani kukata majani ya ng'ombe. Siku hiyo likazima.

Sasa niambie wewe unayesoma. Gari gani linajua kwamba leo mwenye gari hayupo?

Jioni nilimfuata Jotham bandani. Alikuwa anakama.

"Baba Lilian, kuna mtu anatuchezea," nilisema. "Nikipanda mimi, gari ni zima. Nisipopanda, gari ni gonjwa."

"Gari ni chuma, mke wangu. Chuma kinaharibika."

"Chuma hakichagui siku ya kuharibika."

Jotham aliendelea kukama. Ndivyo alivyo, na saa nyingine ukimya wake unanichoma kuliko matusi.

Kuanzia hapo nikawa na macho mawili kwa Bushiri, na la tatu nikalitafuta. Palikuwa na mtu mwingine mjini aliyesafirisha maziwa, jina lake Nelson. Wafugaji waliotuchoka sisi wangehamia kwake. Asubuhi moja nikamwona Bushiri amesimama na Nelson kituoni. Walikuwa wanacheka. Wanacheka nini? Sikusikia, lakini nikajijibu mwenyewe.

Siku mbili baadaye nilikuwa natoka sokoni. Nikalikuta gari letu kando ya barabara, boneti iko wazi. Bushiri ameinama ndani, koleo mkononi, anavuta waya.

"Unafanya nini humo?" nilimuuliza.

Aligeuka haraka. Nikaona kama ameshtuka.

"Nimeona waya umechubuka, mama. Nimeufunga kwa kipande cha mfuko wa plastiki, tufike nyumbani. Lakini hii si dawa. Lazima fundi auone."

Mtu mwenye koleo, utajuaje kama anafunga au anakata? Usiku ule sikulala vizuri. Niliunganisha mambo yote: Nelson, Abubakary, koleo, siku ambazo sipo. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nilijiona nina akili sana.

Wiki hiyo hiyo gari lilizima chini kabisa, huko Masoko ambako jua ni kali kuliko kwetu. Lilikataa kuwaka kwa muda mrefu. Lilipofika kituoni, saa nne ilikuwa imepita. Mpimaji alichukua maziwa kidogo kwenye kila keni, akapima, akatikisa kichwa. Yote yalikuwa yamechacha. Maziwa ya wafugaji kumi na moja yakamwagwa.

Mimi nilikuwa pale. Watu walikuwa wengi. Alikuwepo mama Tupokigwe, bibi jirani yetu ambaye huleta maziwa yake kwa miguu. Alikuwepo Nelson. Nikapanda kwenye ngazi ya kituo ili wote wanione.

"Bushiri," nilisema, "waambie watu hawa ukweli. Wewe ndiye unayekata nyaya za gari langu. Unataka maziwa yangu yaharibike ili wafugaji waende kwa Nelson. Amekuahidi nini?"

Nelson alitoa macho. Bushiri alishika kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Mama, mimi sijakata waya wako," alisema. "Miaka sita unanijua."

"Miaka sita ndiyo umenizoea. Kuanzia leo gari langu usiliguse."

Hakubishana. Aliteremka barabara ya kwenda Msasani kwa miguu. Watu walimpisha njia, na hakuna aliyempa mkono. Nami nilirudi nyumbani nimetulia, kama mtu aliyetoa mwiba.

Jotham alianza kuendesha mwenyewe. Jotham anaendesha kama anabeba mayai. Siku nne nzima gari halikuzima hata mara moja.

"Umeona?" nilimwambia. "Mkataji ameondoka, gari limepona."

"Lakini asubuhi linazidi kuwa gumu kuwaka," alisema Jotham.

"Ni baridi," nilijibu, na jioni hiyo nikaongeza majani.

Siku ya tano mama Tupokigwe alipita kwangu. Yeye Kiswahili chake kimechanganyika na Kinyakyusa, na hana haraka ya kusema.

"Ndaga, Mama Lilian," alisalimia, akakaa. "Yule Bushiri alikwenda kuomba kazi kwa Nelson."

"Nilisema mimi! Walikuwa wamepanga."

"Nelson amemkataa. Amesema hataki dereva anayekata nyaya. Amekwenda na kwa mwenye lori la mkaa. Naye amemkataa hivyo hivyo. Na vitumbua vya mkewe sasa vinalala. Watu wanaogopa kununua kwenye nyumba ile."

Kama Nelson alikuwa mshirika wake, kwa nini amkatae? Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya watu. Neno likishatoka mbele ya watu, mtu hulilinda hata kama limeanza kunuka.

"Alijitakia," nilisema.

Mama Tupokigwe aliinuka, akaaga.

Kesho yake Jotham alichelewa kutoka, akakimbiza gari ili awahi. Pale pale mlimani, likazima. Alilibembeleza mpaka likawaka. Alipofika Msasani likazima tena, na safari hii halikuwaka kabisa. Alinipigia simu, nikaenda na bodaboda.

"Mimi nimekata waya?" aliniuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini macho yalikuwa na hasira.

"Bushiri alilitega kabla ya kuondoka," nilisema. Hata mimi mwenyewe nilisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi.

Gereji ya Abubakary ilikuwa hatua chache kutoka pale. Tukalisukuma gari mpaka kwake. Jotham alipakia keni kwenye bajaji, akayawahisha maziwa kituoni. Mimi nikabaki kulilinda gari. Ndiyo, kulilinda. Nilikuwa nimeingia nyumbani kwa rafiki wa adui yangu.

Abubakary ni mtu wa makamo, ana miwani iliyofungwa uzi. Alinikaribisha kwenye benchi. Mimi nikasimama karibu na boneti.

"Mama, mji huu ni mdogo," alisema. "Nimesikia uliyoyasema kituoni. Kwa hiyo leo sitapima mimi. Utapima wewe, mimi nitakuelekeza."

Sikutegemea hilo. Nilitafuta mtego uko wapi, sikuuona.

"Kwanza nijibu," alisema. "Gari linapozima, linakohoa kwanza na kupoteza nguvu? Au linazima mara moja, kama mtu amefunga ufunguo?"

"Mara moja," nilisema. "Wote wanasema hivyo."

"Basi nashuku umeme. Likikohoa kwanza, mara nyingi ni mafuta: tangi limeisha, chujio limeziba, au hewa imeingia kwenye bomba. Likizima mara moja, tunaanza na nyaya."

"Lakini hili ni dizeli," nilisema. "Nimesikia dizeli haitaki umeme."

"Haina plagi za cheche kama gari la petroli, ni kweli. Lakini tazama hapa." Alinionyesha pampu ya mafuta pembeni mwa injini. Juu yake palikuwa na kitu kidogo cha chuma, waya mmoja umeingia. "Hiki ni kilango cha mafuta. Umeme ukifika hapa, kilango kinafunguka na mafuta yanapita. Umeme ukikatika, hata kwa kufumba jicho, kilango kinajifunga na injini inazima. Waya huu mmoja ukiwa mgonjwa, gari zima ni gonjwa."

Tulianza na betri. Alinionyesha vichwa vya betri. Kimoja kilikuwa na unga mweupe wenye ukijani. Tulikifungua, nikakisugua kwa brashi na maji ya moto mpaka kikang'aa, tukakifunga na kukaza. Tulifuata waya mnene wa hasi, ule unaotoka kwenye betri na kushika bodi ya gari. Ulikuwa umekaza vizuri. Tukawasha. Gari halikuwaka.

"Fundi anayekimbilia kubadilisha vitu kabla ya kupima, huyo mwogope," alisema Abubakary. "Sasa shika hii."

Alinipa taa ya kupimia. Ni kitu kama bisibisi yenye ncha kali, na ndani ya mpini wake kuna balbu ndogo. Ina waya wenye kibanio. Nilibana kibanio kwenye chuma cha bodi. Abubakary akafungua ufunguo bila kupiga stata.

"Gusa fyuzi hii ya injini. Upande huu, halafu upande ule."

Nikagusa. Taa ikawaka pande zote mbili.

"Fyuzi ni nzima. Umeme umefika hapo. Sasa gusa mwisho wa waya, pale kwenye kilango cha mafuta."

Nikagusa. Taa haikuwaka.

"Kwenye fyuzi umeme upo. Kwenye pampu umeme haupo. Umepotelea wapi?"

"Katikati," nilisema.

"Umeshakuwa fundi. Acha taa hapo hapo." Alishika lile fungu la nyaya lililozungushiwa tepu, akalitikisa taratibu, kipande kwa kipande. Alipofika nyuma ya injini, chini kidogo, taa mkononi mwangu ikawaka. Akaachia, ikazima. Akatikisa, ikawaka.

Nilielewa papo hapo. "Barabara ikirusha gari, waya unaachia," nilisema.

"Ndiyo. Mlima wa Masoko una mawe. Mwendo wa haraka unatikisa nyaya. Mwendo wa polepole hautikisi sana. Wewe ukipanda, huwa unamwambiaje dereva?"

Mimi nikipanda gari, tangu tunatoka mpaka tunarudi, wimbo wangu ni mmoja: polepole, polepole. Bushiri akiwa peke yake hukimbia ili maziwa yasichache.

Lakini bado sikukubali. Unajua mtu akiwa ameshika jambo.

"Waya umeachia kwa sababu umekatwa," nilisema. "Fungua tuone kisu kilipopita."

"Kwanza tunatoa waya wa hasi wa betri," alisema Abubakary. "Usikate wala kufungua nyaya betri ikiwa imeunganishwa. Waya chanya ukigusa bodi, unatoa moto."

Alitoa ule waya, kisha akachana tepu kwa wembe. Palikuwa na kipande cha mfuko wa plastiki, kile cha Bushiri, kimeshika maji ndani yake. Chini ya hapo nyaya zilikuwa wazi. Shaba ilikuwa imegeuka kijani. Waya wa kilango cha mafuta ulikuwa umebaki nyuzi mbili tu.

"Haya," nilisema. "Umeona kilichokatwa?"

Abubakary alichukua kipande cha waya mbovu kwenye ndoo yake, akakikata kwa kisu. Akakiweka kwenye kiganja changu, kando ya nyaya za gari letu.

"Tazama vyote viwili. Usiniamini mimi, tazama."

Kilichokatwa kwa kisu kilikuwa sawa, kimenyooka. Nyaya za gari letu zilikuwa zimegugunwa. Mpira wake ulikuwa umechanika vipande vidogo vidogo, na kwenye kila kipande kulikuwa na alama mbili mbili za meno.

"Panya," nilisema.

"Panya. Na si wa siku moja." Aliingiza mkono nyuma ya injini, akavuta. Alitoa kiota. Kilikuwa na nyuzi za gunia, vinyesi, na majani makavu ya migomba yaliyosagwasagwa. Aliyanusa. "Haya yana harufu ya ndizi mbivu. Mama, majani haya yameingiaje ndani ya injini?"

Nilikaa kwenye benchi.

Hakuna aliyekuwa akijua pale ila mimi. Ningeweza kusema ni Bushiri aliyeyaweka. Abubakary angeweza kutoniamini, lakini asingekuwa na ushahidi. Mbele ya watu neno langu lingesimama. Wazo hilo lilinijia, nakiri. Lilikaa kichwani mwangu kwa muda. Kisha nikamwona Bushiri akishuka barabara ile kwa miguu, na watu wakimpisha, na nikaona haya.

"Niliyaweka mimi," nilisema. "Kila jioni. Nilitaka injini isipate baridi."

Abubakary hakunicheka. Afadhali angenicheka.

"Si wewe peke yako, mama. Huku kwetu wengi wanafanya hivyo. Wengine majani, wengine matambara. Lakini panya anatafuta joto na chakula. Wewe umempa kitanda, na umekipaka ndizi. Akishazaa humo, anatafuna kila kitu." Alinyoosha kidole kwenye bomba la ekzosi, lile la moshi, hatua moja tu kutoka kwenye kiota. "Na jambo baya zaidi ni hili. Chuma hiki kikichemka kinaunguza. Waya ulio wazi unatoa cheche. Majani makavu yako katikati. Gari hili lingewaka moto mlimani, na dereva yumo ndani."

Dereva yumo ndani. Miezi yote ile Bushiri alikuwa anakaa nyuma ya moto ulioandaliwa na mimi, na mimi ndiye niliyemwita mharibifu.

Tulitengeneza mpaka alasiri. Abubakary alikata sehemu zote zilizooza, akarudi nyuma mpaka akapata shaba nyekundu inayong'aa. "Ukiunganisha kwenye shaba ya kijani, umejidanganya," alisema. Alichagua waya mpya wenye unene ule ule. Waya mwembamba hupata moto, alinieleza. Kabla ya kuunganisha alivalisha kila waya kimpira chembamba. Kisha alisokota ncha pamoja, akazichomea kwa risasi ya kuchomelea, akavuta kuona kama zimeshika. Alisogeza kimpira juu ya kiungo na kukipasha moto, kikajibana kikazuia maji. Nyaya zote alizipitisha ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo. Akalifunga kwa vikamba vya plastiki mbali na ekzosi.

"Mfuko wa plastiki aliofunga Bushiri nao ulikuwa kosa," alisema. "Unashika maji. Lakini alikwambia si dawa, au sivyo?"

"Aliniambia," nilisema. "Na mara mbili aliniambia nilete gari kwa fundi."

Akagundua waya mwingine uliotafunwa. Huo ulikwenda kwenye plagi za kupasha moto. Plagi hizo ndizo zinazopasha injini ya dizeli kabla haijawaka, hasa penye baridi. Kumbe ndiyo sababu gari lilizidi kusumbua asubuhi. Nami kila liliposumbua, niliongeza majani. Panya nao wakaongeza kutafuna.

"Hii ndiyo blanketi ya dizeli," alisema Abubakary alipomaliza. "Fungua ufunguo, usipige stata. Utaona kitaa kidogo cha rangi ya chungwa hapo mbele. Subiri kizime. Ndipo upige."

Nilifanya hivyo. Kitaa kikawaka, kikazima. Nikapiga stata. Injini ikanguruma. Abubakary akalitikisa lile fungu la nyaya kwa nguvu, huku na huku. Haikuzima.

Jotham alirudi akanikuta nalia. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, kisha akasema, "Twende kwa Bushiri sasa hivi. Kesho utakuwa umepata maneno mengine."

Tulimkuta Bushiri anapasua kuni uani. Mwanaamina alikuwa jikoni. Beseni la vitumbua lilikuwa mezani, limejaa, na ilikuwa karibu magharibi.

"Hodi," nilisema. "Bushiri, nimekuja kwako. Waya haukukatwa na mtu. Ni panya, na panya niliwaita mimi kwa yale majani. Nilikusingizia. Naomba unisamehe, urudi kazini."

Alishusha shoka.

"Umenisingizia hapa?" aliuliza.

"Hapana. Kituoni."

"Basi hapa si mahali pake, mama."

Mwanaamina alitoka jikoni akasimama nyuma yake. "Na uwaambie na haya," alisema, akaonyesha lile beseni. "Siku ya saba leo havinunuliwi."

Asubuhi nilikwenda kituoni mapema. Nilisubiri watu wajae. Mama Tupokigwe alikuwepo, Nelson alikuwepo, na Jotham alikwenda kumwita mwenye lori la mkaa. Bushiri alisimama nyuma kabisa. Nilipanda kwenye ngazi ile ile.

"Nilisema Bushiri amekata nyaya," nilisema. "Nilisema uongo. Sikuona kwa macho. Nilijitungia. Nyaya zimetafunwa na panya, na kiota walijenga kwa majani yangu mwenyewe." Nikakiinua kile kiota kwenye mfuko, wakakiona. Nikawaonyesha nyaya zenye alama za meno na ule waya uliokatwa kwa kisu. "Kila mwenye gari akafungue boneti leo. Akikuta majani au matambara, ayatoe. Na dereva wake akimwambia gari linaumwa, amsikilize. Bushiri aliniambia, mimi nikamwita mharibifu. Na vitumbua vya mkewe havina kosa, vinunueni."

Watu waliminya midomo. Mmoja alicheka, na ilinipasa.

Nelson alinijia amekunja uso. "Mama Lilian, umenifanya nimnyime mtu kazi," alisema. "Siku ile tulikuwa tunacheka, alikuwa ananisimulia jinsi unavyomwambia polepole." Kisha akamgeukia Bushiri. "Ndugu yangu, njoo kwangu. Kazi ipo leo."

Nilijisikia vibaya.

"Asante," Bushiri alimjibu. "Nipeni siku mbili, nyote wawili."

Siku mbili hizo sikumfuata wala kumtumia mtu. Jotham aliendesha. Nilipita Msasani mara moja tu, kununua vitumbua, nikakuta vimekwisha. Wanawake wa kituoni walikuwa wameshavichukua. Mama Tupokigwe alikuwa anakula cha mwisho. "Ndaga fijo," alimshukuru Mwanaamina, mdomo umejaa.

Siku ya tatu, alfajiri, Bushiri alibisha hodi. Alikuwa na Mwanaamina.

"Nitarudi," alisema, "kwa sharti moja. Kitu kikiharibika, uniulize mimi kwanza kabla hujawaambia watu."

"Nakubali," nilisema.

"Mwambie mke wangu, siyo mimi."

Nikamgeukia Mwanaamina, nikamwambia neno kwa neno. Aliitikia kwa kichwa, akarudi zake nyumbani.

Sasa ni mwaka mmoja. Gari linalala boneti ikiwa safi, mbali na ghala la ndizi. Kila Jumamosi Bushiri anafungua, mimi nashika tochi, tunakagua nyaya, betri na kona zote. Asubuhi anasubiri kitaa kizime ndipo anapiga stata. Halijazima mlimani tena, na maziwa ya Masoko hayajamwagwa.

Mdomo bado ninao. Wiki iliyopita nilihesabu keni za maziwa, nikakuta moja haipo. Damu ikapanda. Nilishavaa kandambili kwenda kwa mama Tupokigwe kumweleza. Nikafika kwenye geti, nikasimama. Nikageuka, nikamfuata Bushiri alipokuwa anaosha gari.

"Bushiri," nilisema, "keni moja iko wapi?"

"Mpini wake ulikatika, mama. Nimeipeleka kuchomelewa. Itarudi jioni."

"Haya," nilisema, nikamshikia mpira wa maji mpaka akamaliza kuosha.